KILA TUNDA LINA BABA: Somo juu ya ua na uzazi wa mimea



Siku ya leo tunaacha kidogo masomo ya udhu na ya mirathi, tunaingia shambani. Sababu ni swali ambalo wengi wanajiuliza kila msimu: mti huu umetoa maua mengi, mbona hauzai? Mwenye shamba anasema udongo umechoka, ao anamshuku jirani, ao anadai kwamba mtu alipita hapo usiku na dawa. Kisha anachukua panga, anakata mti ambao ulikuwa unamlisha, na kuacha ule ambao ulikuwa unamdanganya. Watoto wetu wa sekondari wanayajua majina ya sehemu za ua kwa Kifaransa, tena wanayaandika vizuri siku ya mtihani, lakini shamba la baba yao halipati faida na majina hayo. Inafaa tuyashushe katika lugha ya nyumbani.

Ndugu msomaji, kesho asubuhi, kabla jua halijawa kali, chuma ua moja la bamia, zile ambazo wengi wetu tunaziita dongodongo. Usingoje jioni, kwa maana ua la bamia linafunguka siku moja tu, kisha linanyauka. Chukua wembe, lipasue katikati toka juu mpaka kwenye kikonyo, na ulitazame polepole.

Kwa nje kabisa utaona kifuniko cha kijani ambacho kilikuwa kinalifunga ua lilipokuwa changa. Hizo ni sepali, kazi yake ni kulinda. Ndani yake kuna majani laini matano ya rangi ya manjano, chini yana wekundu wa giza. Hizo ni petali. Watu wengi wanafikiri kwamba hizo ndizo ua lenyewe, lakini petali hazizai kitu. Ni kama kitambaa cha rangi ambacho mfanyabiashara anatundika mbele ya duka ili wapita njia waingie. Wapita njia wenyewe ni nyuki, vipepeo na vidudu vingine.

Sasa tazama katikati. Kuna nguzo ndogo iliyozungukwa na vijiti vifupi, na juu ya kila kijiti kuna kifuko cha vumbi la manjano. Kijiti pamoja na kifuko chake vinaitwa stameni, na vumbi lile ni chavua. Hii ndiyo sehemu ya kiume. Kwenye ncha ya nguzo kuna vichwa vidogo vya rangi ya damu, vina unyevu kidogo ukivigusa. Kila kichwa ni stigma, mlango wa sehemu ya kike. Toka hapo kuna shingo nyembamba inayoshuka ndani ya nguzo mpaka chini, kwenye kitu kinachofanana na bamia ndogo sana. Hicho ni ovari. Ukikipasua utakuta vyumba, kwa kawaida vitano ao zaidi, na ndani ya kila chumba vijiyai vyeupe vimepangwa kwa mstari. Vijiyai hivyo ni ovuli, mbegu ambazo bado hazijawa mbegu.

Namna gani zinakuwa mbegu? Chembe moja ya chavua inafika juu ya stigma, kwa mguu wa nyuki, ao kwa upepo, ao kwa kuangukiwa tu. Inanyonya unyevu pale, inavimba, inaotesha mrija mwembamba kuliko unywele. Mrija unashuka ndani ya shingo mpaka unafika kwa ovuli moja. Kupitia mrija ule zinashuka mbegu mbili za kiume. Moja inaungana na yai, na hapo ndipo mmea mpya unaanza. Ya pili inaungana na sehemu nyingine ya ovuli na kufanya chakula cha akiba cha yule mtoto. Unga wa mahindi tunaokula, sehemu yake kubwa ni akiba hiyo. Kisha petali zinaanguka, kazi yake imekwisha, ovari inanenepa na kuwa tunda. Mama anapokatakata bamia jikoni, kila mbegu nzima anayoiona ilipata chembe yake ya chavua, hakuna iliyojifanya yenyewe.

Bamia ni rahisi kwa kuwa ua moja lina baba na mama pamoja. Shida zetu zinaanzia kwa mimea ambayo imewatenganisha.

Mahindi yanajulikana. Lile shungi la juu ni la kiume, linamwaga chavua kwa upepo. Zile nywele zinazotoka kwenye hindi ni za kike, na kila unywele unaishia kwenye punje moja. Unywele uliokosa chavua, punje yake haipo. Ukimenya hindi ukalikuta na mapengo kama mdomo wa mzee, si mchawi. Labda jua lilikausha nywele siku zile, labda ulipanda mstari mmoja mrefu kando ya njia na upepo ukapeleka chavua yote barabarani. Panda mistari minne mifupi kwa pamoja badala ya mmoja mrefu, utaona tofauti. Na ukikuta punje za manjano katikati ya hindi jeupe, usishangae: mama yake ni hindi lako, baba yake ametoka katika shamba la jirani. Kwa Ulaya mtu aliyelithibitisha jambo hili la ume na uke wa mimea kwa majaribio ni mganga Mjerumani, Rudolf Jakob Camerarius wa mji wa Tübingen, katika waraka wake wa mwaka 1694. Alikata maua ya kiume ya mbarika na nywele za mahindi, akaona mbegu hazipatikani.

Maboga nayo yana maua ya namna mbili kwa mmea mmoja. Ua lenye kikonyo kirefu chembamba ni la kiume. Ua lenye kiboga kidogo chini yake ni la kike. Ya kiume yanatangulia kufunguka siku kadhaa, hivi wamama wanasema boga limetoa maua ya bure. Si ya bure. Ukitaka kupika maua, chukua ya kiume, lakini bakiza mengine mpaka ya kike yafunguke. Tena mtu anayepuliza dawa ya wadudu asubuhi katika maboga anaua nyuki palepale wanapofanya kazi, kwa maana maua yale yanafungua alfajiri na kufunga kabla ya mchana. Kama dawa ni lazima, ipulizwe jioni.

Juu ya mipapai nitasema jambo moja tu. Ule mpapai unaotoa maua mengi madogo kwenye vikonyo virefu vinavyoning'inia ni dume. Hauzai, ni kweli. Lakini katika mipapai kumi ya kike acha dume mmoja. Ukiyamaliza madume yote, majike yataanza kudondosha matunda machanga, na wewe utasema udongo umechoka.

MITENDE YA MADINA

Ndugu Muislamu, jambo hili halikuanza katika vitabu vya wazungu. Mtende ni mti ambao dume na jike ni miti mbali mbali, sawa na mpapai. Upepo peke yake unafanya kazi hiyo vibaya. Kwa hiyo tangu zamani sana watu wanapanda juu, wanakata vishada vya maua ya kiume vinapopasua kifuko chake, na kuvichomeka katikati ya maua ya kike. Sheria za mfalme Hammurabi wa Babeli, ambazo zina zaidi ya miaka 3,700, zimekwisha kutaja mtunza bustani aliyepewa mitende ili aichavushe. Dume mmoja anatosha majike makumi. Waarabu wanaiita kazi hiyo ta'bir ao talqih.

Mtume (s.a.w.) alikulia Makka, bonde lisilo na kilimo. Alipohamia Madina akawakuta watu wako juu ya mitende. Imam Muslim amepokea habari hii kwa njia zaidi ya moja, kwa Talha bin Ubaydullah, kwa Rafi' bin Khadij na kwa wengine (r.a.). Ninasimulia maana yake. Aliuliza wanafanya nini, wakamweleza kwamba wanatia cha kiume ndani ya cha kike. Akasema kwamba yeye haoni kama jambo hilo lina faida. Wakaacha kwa kumheshimu. Tende za msimu ule zikatoka mbovu. Alipoambiwa, akawafahamisha kwamba ile ilikuwa rai yake kama mtu, si wahyi, na kwamba katika mambo ya dunia yao wao ndio wenye kujua zaidi.

Kuna watu wanairuka hadithi hii kwa aibu, na wengine wanaishika ili kuitoa dini sokoni na shambani kabisa. Mimi naona pande zote mbili zinaacha kilicho wazi: ujuzi wa wale wakulima waliopanda juu ya mti kwa mikono yao ulikuwa ujuzi wa kweli, na ulipoachwa, chakula kilipungua mwaka uleule.

Tena dini yenyewe imeweka hukumu juu ya ua. Katika hadithi ya Abdullah bin Umar (r.a.), iliyo katika Bukhari na Muslim, aliyeuza mitende ambayo imekwisha kuchavushwa, matunda ya msimu ule ni yake muuzaji, isipokuwa mnunuzi ameweka sharti. Fikiri uzito wa jambo hili: mpaka kati ya mali ya muuzaji na mali ya mnunuzi umewekwa kwenye siku ambayo vumbi la dume liliingia katika ua la jike. Maimamu Malik, Shafi'i na Ahmad wameifuata tofauti hiyo: kabla ya kuchavushwa, matunda yanakwenda na mti. Abu Hanifa amesema matunda ni ya muuzaji kwa hali zote mbili, kama hakuna sharti. Ni magomvi mangapi hapa kwetu yametokea kwa sababu mtu ameuza shamba na miti yake, kisha miezi mitatu baadaye anarudi na kikapu? Mnapoandikiana karatasi ya kuuza miti, andikeni mikungu ya sasa ni ya nani, na mashahidi wasikie.

MCHIKICHI WETU

Sisi hapa hatuna mtende, tuna ndugu yake, mchikichi, mti wa ngazi. Mafuta ya mawese ndiyo yanayopika sombe yetu, na wengi wamesomesha watoto kwa madumu ya mawese. Lakini uliza vijana kumi, ua la kiume la mchikichi ni lipi? Huenda wachache tu watajibu.

Mchikichi mmoja unatoa maua ya kiume na ya kike, lakini si kwa wakati mmoja. Kwa miezi fulani unatoa ya kiume, kisha unageuka na kutoa ya kike. La kiume ni fungu la vidole vya kahawia ambavyo vinajaa vumbi la manjano na kunukia vitamu, harufu kama ya anisi. La kike ni fungu la duara, gumu, lenye miiba, na ndilo linalokuwa mkungu. Linapokea chavua kwa siku mbili ao tatu hivi tu, na mkungu unakomaa baada ya miezi mitano ao sita. Kwa kuwa mti wenyewe mara nyingi hauna chavua siku zile, baba wa mkungu wako karibu daima ni mti mwingine.

Nani anaileta chavua? Kwa miaka mingi wataalamu walisema ni upepo. Mti huu ulipelekwa Asia, na miche minne ilipandwa Bogor, katika kisiwa cha Java, mwaka 1848. Toka hiyo yakazaliwa mashamba makubwa ya Indonesia na Malaysia. Lakini kule Malaysia mikungu ilikuwa na mapengo, mpaka makampuni yakalipa wafanyakazi kupita mti kwa mti na kumwaga chavua kwa mkono, sawasawa na watu wa Madina. Ndipo mtaalamu wa wadudu kutoka Pakistan, Rahman Syed, akaenda Cameroon kutazama mchikichi katika nchi yake ya asili. Akaona kidudu cheusi kidogo, namna ya fukusi, kinajaa juu ya ua la kiume kwa kufuata ile harufu. Kinakula pale, kinataga mayai pale, kisha kinatoka kimepakwa vumbi mwili mzima. Ua la kike nalo linatoa harufu inayofanana. Kidudu kinadanganyika, kinaingia, hakikuti chakula, kinatoka, lakini chavua imebaki. Mwaka 1981 vidudu hivyo vikaachiliwa katika mashamba ya Malaysia, na kazi ya kuchavusha kwa mikono ikaachwa. Sisi kidudu hicho ni cha kwetu, tangu awali, hakituombi mshahara.

Kwa hiyo mtu anayesafisha mchikichi na kuyakata maua yote ya kiume, akidhani ni uchafu, anavunja nyumba ya mfanyakazi wake. Hata ua la kiume lililokwisha kunyauka bado lina watoto wa kidudu ndani. Liache liozee pale.

Kuna siri nyingine ya mchikichi, na hii ilifumbuliwa hapa hapa Kongo. Unajua kwamba kuna ngazi za ganda nene, milimita 2 mpaka 8, ambazo nyama yake ni kidogo. Hizo zinaitwa dura. Kuna za ganda jembamba, nusu milimita mpaka 4, zenye nyama nyingi na mafuta mengi, na ukizikata kwa kisu utaona duara la nyuzi nyeusi kuzunguka ganda. Hizo ni tenera. Tena kuna mti usio wa kawaida ambao ngazi zake hazina ganda, unaitwa pisifera, na mara nyingi mikungu yake inaoza kabla ya kukomaa. Katika kituo cha utafiti cha Yangambi, kwenye mto, chini ya Kisangani, wataalamu Beirnaert na Vanderweyen walikuwa wakichavusha kwa mkono, wakifunga maua katika mifuko ili wajue kwa hakika baba ni nani. Mwaka 1941 wakatangaza: tenera si kabila la peke yake, ni mtoto wa dura na pisifera. Ua la dura likipata chavua ya pisifera, watoto wote ni tenera. Mashamba makubwa ya mawese duniani yanapandwa kwa ujuzi huo mpaka leo.

Sasa sikiliza, wewe uliyeona mti mzuri wa ganda jembamba kwa rafiki yako, ukaokota mbegu chini yake, ukapanda hekta nzima. Kama baba alikuwa tenera pia, basi katika kila miche minne, kwa wastani, miwili itakuwa tenera, mmoja dura, na mmoja pisifera ambao huenda hautakupa kitu. Kama baba alikuwa dura wa porini, nusu itakuwa dura na nusu tenera. Utangoja miaka mitatu minne mpaka uone mkungu wa kwanza, na hapo umekwisha kupalilia, umekwisha kulipa vibarua. Uzuri wa mama uliuona, baba hukumuona. Ndiyo maana miche iliyochavushwa kwa makusudi inauzwa kwa bei, na ndiyo maana wale wanaouza miche ya kuokota kwa bei ileile, wakiapa kwamba ni ya kituo, wanakula haramu. Kabla ya kulipa, uliza mbegu zimetoka wapi, na uombe karatasi.

NDIZI HAINA BABA

Umbakie na jambo moja ambalo linakwenda kinyume na yote niliyosema. Ndizi tunazokula zinanenepa bila kuchavushwa, ndiyo sababu hazina mbegu, na mgomba unaongezeka kwa machipukizi ya chini. Lile ua jekundu linaloning'inia mwishoni mwa mkungu, ndani yake kuna maua ya kiume ambayo kwa mgomba wako hayana kazi.

Lakini nyuki na nzi wanakuja kunywa pale, na kwa njia hiyo wanaweza kuleta ugonjwa. Mnyauko wa ndizi uliojulikana kwanza Ethiopia ulionekana Masisi, Kivu ya Kaskazini, mwaka 2001, na toka hapo umemaliza migomba ya jamaa nyingi katika Kivu. Bakteria inaingia kupitia vidonda vya maua yale yanapoanguka. Dalili zake: ua linasinyaa, ndizi zinaiva mbio na bila mpango hali ndani zimeharibika, na ukikata shina linatoa usaha wa manjano.

Kwa hiyo ukiona kichana cha mwisho kimekwisha kutoka, kata lile ua. Usitumie panga, kwa maana panga linabeba ugonjwa toka mgomba mpaka mgomba. Chukua mti mrefu wenye ncha ya panda, ulishike ua kwa ile panda, ulisokote mpaka likatike. Na panga ulilotumia kwa mgomba unaoumwa, lipitishe motoni mpaka liwe moto kabisa, ao uliloweke katika maji ya javeli, kabla hujagusa mgomba mwingine.

Wabillahi tawfiq.